Herufi za Mwalimu Nyirarukundo

Usimwambie Nyirarukundo kwamba sajini yule alikuwa mjinga. Angekuwa mjinga, ingekuwa nafuu.

Ilikuwa Desemba 1990, vita ina miezi miwili, na Kigali nzima mwenye karatasi alidhaniwa mshirika wa waasi. Nyirarukundo, mwalimu wa kemia pale Muhima, alikuwa na karatasi arobaini. Alikuwa ameandika humo mnyororo wa protini ya kimelea kinachoua ng'ombe, herufi moja kwa kila kiungo. Kiungo kinachochukia maji hukipa alama za juu, kinachopenda maji za chini. Hujumlisha alama za herufi kumi na tisa, hugawanya kwa kumi na tisa, husogea herufi moja, huanza tena. Wastani ukipita moja nukta sita, basi huenda hapo mnyororo umejichomeka katika utando wa seli, ambamo maji hayaingii.

Ulaya kompyuta huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Yeye alitumia kikokotoo na miezi mitatu, na nakala ilikuwa hiyo moja. Profesa wa Ubelgiji alikwisha kuandika: zifike kabla ya mwaka mpya, nafasi ya masomo ni yako. Rafiki yake Pudentienne alikuwa akimngojea uwanja wa ndege, asafiri nazo jioni ile.

Kwenye kizuizi cha wanajeshi pale Sonatubes, njiani kwenda uwanjani, sajini akazifungua.

"Hii iko siri ya waasi."

"Hapana, shefu. Iko hesabu tu."

"Hesabu gani iko na herufi? Nionyeshe."

Akamwonyesha! Akampa jedwali la alama na kikokotoo, akamsimamia kama mwanafunzi. Sajini akajumlisha herufi kumi na tisa polepole, bila kukosea hata moja. Arobaini na moja nukta nane. Akagawanya: mbili nukta mbili.

"Sasa hii inasema nini?"

"Inasema hapa protini iko ndani ya utando."

"Kumbe inasema!" Sajini akazikunja karatasi. "Na wewe ulisema iko hesabu tu."

Walimweka ndani siku kumi na mbili, bila kosa, bila hata swali. Siku ya kumwachia alidai karatasi zake, akigonga meza ya watu wenye bunduki.

"Zimepelekwa kwa wakubwa, mwalimu," karani akamjibu. "Sajini ameapa alizisoma mwenyewe."