Nyati Alikuwa Kushoto

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu bado umeshikilia matawi. Mwanamke mfupi mwenye darubini shingoni ananyanyua kiganja, na wageni wanne nyuma yake wanasimama wima kama vigingi.

"Msikilizeni," ananong'ona. "Huyo ndege dume, anaita jike."

Anaonyesha kulia na kupiga hatua. Papo hapo askari wa msitu anayewasindikiza anadaka begi lake la mgongoni na kumvuta nyuma.

Kushoto, hatua kumi na mbili tu kutoka njiani, kichaka kinakoroma. Nyati.

Kila mtu amemsikia, isipokuwa kiongozi wao.

"Rudini taratibu. Msimpe mgongo," askari anasema kwa sauti ya chini. Mwanamke anajiweka mbele ya wageni, mikono ameitandaza, jasho linamtiririka. Dakika nne zinakuwa ndefu kama mwaka. Hatimaye nyati anapuliza pua, anageuka na kwenda zake akivunja matawi.

Humu msituni wanamwita Mama Masikio. Kwa miaka kumi na tisa amewatembeza watazamaji wa ndege, na ndege mia mbili na sitini anawatambua kwa sauti peke yake.

"Msitu huu mnene," anasema. "Ndege utamsikia mara kumi kabla hujamwona mara moja."

Kumbe sikio la kushoto lilianza kumsaliti tangu mwaka juzi. Wa kwanza kugundua alikuwa mumewe, fundi cherehani.

"Namwita mara tatu, kimya. Nikadhani amenuna. Nikaenda kumwomba radhi kwa kosa nisilolijua!" anasema akicheka. Kisha kicheko kinakatika. "Nikamwambia, mke wangu, nenda hospitali. Akanijibu nishone nguo zangu."

Mkewe aliogopa. Leseni yake hukaguliwa kila mwaka, na ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto watatu. Akajifunza hila: kuwaweka wageni upande wake wa kulia, kugeuza kichwa kama mtu anayewaza, kusoma uso wa askari. Ndege akiimba, upande alibahatisha.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," anasema. "Mimi nilificha yangu, nusura kiwaumbue watoto wa watu."

Siku ile ya nyati, walipofika getini, angeweza kunyamaza. Askari alikwisha kumvuta pembeni: "Dada, mimi sijaona kitu. Yaishe humu humu."

Lakini mgeni mmoja alikuwa bado amejawa na hofu, hawezi hata kufunga kizibo cha chupa. Mama Masikio alimtazama, akashindwa kuficha. Mbele ya wote, mkuu wa waongozaji akiwa amesimama hapo, alisema sikio lake la kushoto halisikii na kwamba kosa lilikuwa lake.

Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Vipimo vilithibitisha: la kushoto limekwisha, la kulia bado linafanya kazi. Miezi miwili alishinda dukani kwa mumewe akipachika vifungo.

"Kazi mbovu," mume anasema. "Mashati yote yalifungwa kombo."

Kisha ikaja barua kutoka kazini. Arudi, ila asitangulie tena kundi la wageni. Awafundishe waongozaji wapya sita.

Sasa kila asubuhi anawakalisha kwenye gogo, wanafumba macho, naye anawauliza: nani huyo, yuko wapi, ana nini? Anayekosea upande anaambiwa asimame, aanze upya. Mmoja wao analalamika kwamba mwalimu ni mkali kuliko siafu.

Ana sababu ya kuharakisha. Daktari hakumwahidi lolote kuhusu sikio la kulia. Mpaka wiki hii amekwisha kuwafundisha sauti mia moja sitini na tisa.

"Wamebaki ndege tisini na mmoja," anasema, akilielekeza sikio lake zima kwenye miti. "Mwenyezi Mungu anipe hao tu. Wakiisha, nalo lizibe likitaka."