Mguu wa Usumba

Himid alipokatwa mguu chini ya goti kwa maradhi ya sukari, mkewe, Bi Mwanakheir wa Matemwe, alikuwa na miaka arubaini katika kazi ya usumba. Makumbi ya nazi aliyafukia pwani miezi kadhaa, akayafukua, akayaponda yawe nyuzi za usumba, akasokota kamba. Ndiyo kazi aliyoijua.

Ndiyo maana Hisham, mtafiti mwenye karakana ndogo Mbweni, alimfuata. Alitaka usumba usukwe mviringo juu ya kalibu ya plasta, kisha aunyweshe resini, ile gundi ya maboti ya faiba, ugande uwe mguu wa bandia. Mashine yake ilikuwa ikikata nyuzi. Vidole vya Bi Mwanakheir havikukata hata mmoja.

Mguu wa nne ulikuwa wa Himid. Alitembea kutoka mlangoni mpaka kisimani, akarudi, akakaa akicheka peke yake. Aliuvaa siku kumi na tisa.

Masika yakaingia. Asubuhi moja alipoinuka, mguu ukalia kama ukuni unaovunjwa.

"Mwanakheir, hebu njoo," aliita akiwa chini.

Hisham alikuja, akaupasua ule mguu kwa msumeno, akamwonesha Bi Mwanakheir. Tabaka zilikuwa zimeachana, gundi upande wake, usumba upande wake.

"Ntausuka kwa kubana zaidi, mwanangu."

"Msuko wako hauna kosa, Bi Mwanakheir. Usumba unakunywa unyevu, unavimba, unaachana na gundi. Nshajaribu dawa tatu."

Bi Mwanakheir hakufahamu. Maji ndiyo yaliyoulainisha usumba tangu enzi za mama yake.

"Basi mwengine lini?"

Hisham aliinamisha kichwa. "Sijui. Nikimpa mwengine sasa, utamwangusha tena."

Bi Mwanakheir aliendelea kumsukia Hisham vipande vifupi, vinavyorowekwa kwenye ndoo za maji ya chumvi. Kila Alkhamisi Hisham hukibana kimoja kwenye mashine ya kupimia nguvu mpaka kivunjike, akaandika. Mpaka leo vyote huvunjika mapema.

Nyumbani, Himid alikuwa akiuliza, "Wamesemaje?"

"Bado."

Siku hizi haulizi. Huenda kisimani kuoga kwa kujiburura, na mkewe akitaka kumshika, husema, "Niwache." Bi Mwanakheir humwacha. Husimama na taulo mkononi, akatazama ukuta mpaka mumewe amalize.