Sponji ya Upande Wake

Mtaani walimwita Sabuni, na hakuchukia. Alikuwa fundi wa friji, na friji lililonuka mwezi mzima lilitoka mikononi mwake ukitamani kumlaza mtoto mchanga humo. Vichujio vya mashine alivisugua mpaka vikapoteza rangi. Mkewe pekee ndiye aliyeuita usafi huo ugonjwa.

Mke alifuga samaki wa dhahabu watatu kwenye tangi la kioo sebuleni. Mkubwa aliitwa Mheshimiwa, kwa kitambi chake na kwa kutofanya kazi yoyote. Filta yao ilikuwa kichekesho: chupa ya plastiki iliyotobolewa, mpira wa pampu ya hewa, na ndani kipande cha sponji alichokikata mwenyewe kwenye kona ya godoro.

"Mama watoto, unawalisha samaki godoro letu?"

"Nakata upande wangu. Wewe lala na usafi wako huko."

Sponji yenyewe ilikuwa ya kahawia kama tope. Fundi akinyoosha tu mkono kuigusa, anachapwa.

Kisha mke akaugua, akalazwa, na siku moja akasema, "Samaki wangu wasife." Fundi akaitikia. Hakuuliza namna, na mwenzake hakuwa na pumzi ya kuongeza neno.

Wiki sita baada ya mazishi akaona sasa atimize ahadi kifundi. Alipima tangi: lita mia na ishirini. Dukani akachagua filta ya kuning'inia ukingoni, yenye uwezo wa kuyazungusha maji yote mara tano kwa saa, maana samaki wa dhahabu wanakunya kama ng'ombe. Aliacha maji yakae kwenye ndoo siku mbili yaishe dawa ya bomba. Mdomo wa filta akauelekeza kwenye kioo, Mheshimiwa asisombwe. Kazi safi, huwezi kuitia doa.

Halafu akasugua tangi zima, akajaza maji mapya, na ile chupa na tope lake akaitupa kwenye pipa la taka.

Siku ya tatu samaki walikuwa juu wakihema. Siku ya tano wawili walikufa. Fundi akachota maji kwenye chupa, akayapeleka dukani. Muuzaji, binti wa rika la mwanawe, aliyapima na kijikaratasi kikabadilika rangi.

"Mzee, sponji ya zamani iko wapi?"

"Ilikuwa chafu. Nimetupa."

"Ule uchafu ndio uliokuwa filta, mzee. Mna vijidudu hai humo, vinakula sumu ya mkojo wa samaki. Ungeiacha ifanye kazi pamoja na mpya, mwezi hivi."

"Mke wangu alijua?"

"Samaki waliishi muda gani?"

"Miaka tisa."

"Basi alijua."

Fundi alirudi mbiombio, watu wazima hawakimbii vile. Pipa lilikuwa tupu. Gari la taka lilishapita.

Akabaki kubadilisha theluthi ya maji kila siku, kama alivyoelekezwa. Mheshimiwa alijikaza mpaka Jumamosi, akalala ubavu mchana kweupe, na fundi akamzika kwenye chungu cha maua cha mkewe.

Ndipo akaenda chumbani, akafunua shuka upande ambao hakuwa ameugusa tangu msiba. Kona ya godoro haikuwepo. Alama za mkasi zilifuatana, kila kipande na miaka yake. Alikaa hapo muda mrefu, kisha akachukua mkasi, akakata kingine pembeni ya alama ya mwisho, akakitia kwenye filta mpya.

Wiki iliyofuata bintiye alikuja kumtembelea. Alimkuta amesimama mbele ya tangi, saa ileile ambayo mama yake alikuwa akilisha, akidondosha chembe za chakula. Dukani walimwambia lazima kitu kioze majini ndipo vijidudu vizaliwe.

"Baba, unamlisha nani? Tangi tupu hilo."

Sabuni hakugeuka. Alikuwa akiitazama sponji, bado nyeupe pee.

"Naisubiri ichafuke, mama," alisema.