Dadu Katika Matanga ya Otto

Alfani, fundi seremala wa Mfaranyaki, alikuwa na mdomo; hilo hata yeye hakulikana. Mbao za ludo zilizozagaa vijiweni pale mjini nyingi zilitoka mikononi mwake, na kazi ikipoa alikaa mbele ya kibanda chake akacheza mwenyewe. Kufunga, alifunga kweli. Lakini ukimlalamikia kwamba dadu imekukataa, alikukata kauli papo hapo: "Dadu haina kosa, bwana. Umefungwa, umekosea. Tafuta ulipokosea."

Watu walicheka, aliyefungwa akameza. Kauli ile ikazoeleka mno, hata mama lishe wa jirani wakawa wanatupiana wenyewe chapati ikiungua.

Aliyeimeza kuliko wote ni Lidwina, mke wa Otto. Otto alikuwa Mngoni na Alfani Myao kutoka Tunduru, kwa hiyo watani, na walitukanana kwa raha zao kila jioni. Lidwina alianza kwa kuja kumwita mumewe akale, akaishia kuketi na kujifunza. Alikuwa mchezaji makini. Akifungwa, hakulaumu dadu. Aliinamia ubao akatafuta alipokosea, na Alfani akamsifu mbele za watu.

Msimu huu wa mvua Otto aliugulia shambani kwao Mpitimbi. Kifua kilimbana mchana, mvua ikimwagika. Bodaboda ilikuwapo mlangoni, na gari la ndugu yao lilikuwa limeshaondoka mjini kuwafuata. Lidwina alimtazama mumewe, hawezi hata kukaa wima. Akaitazama barabara, utelezi mtupu. Akaamua wangoje gari. Gari likazama kwenye tope njiani, na lilipofika Otto alikuwa ameshakata roho.

Wakamzika Matogoro, nyumbani kwao. Kesho yake Alfani akaingia matangani na kofia ya marehemu kichwani, maana mtani ana kazi yake msibani, na watu walishaanza kutabasamu wakingoja aigize Otto anavyokoroma. Lidwina alikuwa mkekani, macho makavu. Hakuwa amelia tangu siku ile. Kila aliyempa pole alimjibu maneno yale yale: "Nimefiwa, nimekosea. Natafuta nilipokosea."

Alfani akaivua kofia. Maneno yale aliyajua, yalikuwa yake, na yalimchoma vibaya sana. Akatoka bila kuaga, akapanda bodaboda hadi kibandani, akarudi na ubao kwapani.

Minong'ono ikazuka. Bibi Kunegunda, shangazi wa marehemu, alishindwa kuvumilia. "Mtani, hapo sasa umevuka mpaka!"

"Shikamoo, shangazi. Mtanitoza faini baadaye."

Akauweka ubao mbele ya Lidwina, akatoa kete moja nyekundu, rangi ya Otto siku zote, na nyuma yake akapanga kete zake za kijani. "Shemeji," alisema, naye siku zote alikuwa akimtania kwa kumwita mke wake wa kurithi. "Kete yako hii. Ukiipeleka pale, nakula nikipata moja, tatu au tano. Ukiiacha hapa, nakula kwa mbili peke yake. Unakaa wapi?"

Lidwina aliutazama ubao. Mazoea yakamshinda. "Hapa."

"Umekaa." Alfani akaitikisa dadu kikombeni, akaimwaga. Nne. Akarudia, ikaja sita. Akarudia tena, tano. Kijana mmoja akacheka kwamba leo fundi kapatikana. Alfani alimwaga, akamwaga, jasho likimtoka, na watu wakanyamaza mmoja mmoja kwa kuwa waliona huyu hafanyi utani. Mwishowe dadu ikabingirika, ikatulia. Mbili.

Akaiondoa kete nyekundu ubaoni, taratibu. "Imeliwa. Tafuta ulipokosea."

Lidwina akainama kama alivyozoea. Alikagua huku, akakagua kule, kidole kikitembea juu ya kioo cha ubao. Kidole kikasimama pale ilipokuwa kete.

"Sijakosea," alisema kwa sauti ndogo.

"Hujakosea. Ningekupa ucheze tena, ungekaa pale pale, na mimi pia ningekaa pale pale. Otto umpakie kwenye pikipiki, kwenye utelezi ule, hawezi hata kushika? Ulipanga vizuri, shemeji. Dadu ndiyo imekuja vibaya." Akawageukia watu. "Miaka yote pale kijiweni nilikuwa najisifu tu. Nimefunga watu wengi kwa bahati, na walionifunga wengine hawakuwa na ujanja wowote. Ile kauli naifuta, mbele ya mtani wangu aliyelala pale."

Hakuna aliyecheka. Bibi Kunegunda alijifuta macho kwa pembe ya kitenge.

Lidwina aliiokota kete nyekundu, akaifumbata.

"Naye alisema hivyo hivyo," alisema.

"Nani?"

"Otto. Nilipomwambia tungoje gari, alinishika mkono akasema, umepanga vizuri, mama. Nikadhani ananionea huruma."

Ndipo alipolia. Alimlilia mumewe kwa jina, na wanawake wakamsogelea.