Vishaba vya Saluni ya Mke Wangu

Mke wangu ana saluni ya nywele kwenye galeri ya Matonge, jengo la maduka yetu Waafrika huku ughaibuni, na chenji ilikuwa inamtoa roho. Wateja walileta noti, benki ilimtoza kwa kila sarafu aliyoomba, na mimi ndiye niliyetumwa mkahawani kubembeleza chenji. Nikachoka. Mimi ni fundi bomba, tena mzaliwa wa Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba, na mabaki ya mabomba ya shaba yalijaa garini mwangu. Nikayapasua, nikayanyoosha, nikayakata duara na kugonga alama ya kitana. Kitana kilitokea kama reki, lakini nani aliuliza?

Tukaviita vishaba, tukavitoa badala ya chenji; kila kishaba kilikuwa yuro moja ya kusukwa au kunyolewa palepale saluni. Mke wangu akatangaza mbele ya wateja kwamba kichwa chochote kitakachoingia na vishaba kitahudumiwa. Basi, muuza sombe, yale majani ya muhogo, akavipokea, mwenye mkahawa akavipokea, nami nikawa natembea galerini kifua mbele kama gavana wa benki kuu.

Kisha Jumapili moja vikaingia kwenye kapu la sadaka. Waumini wetu hawataki kapu liwapite mikono mitupu, na kishaba hulia vizuri kikidondoka. Jumanne mchungaji akaja saluni na ndoo nzima, anataka pesa. Hatukuwa nazo. Saluni ilikuwa imejaa, kila mteja ana vishaba mkobani. Mke wangu akimkataa mchungaji, hakuna atakayevipokea tena, na saluni hiyo ndiyo inayotulisha.

"Bon, papa pasta," akasema, "hii ni ya kichwa tu. Ulete kichwa."

Mchungaji akavua kofia. Upara mtupu, hata unywele wa kusingizia haukuwapo.

"Alors, maman, na hii ni nini?"

Hakuna aliyecheka. Wote walimtazama mke wangu, na mimi nilimwogopea kwelikweli. Akakung'uta taulo, akamkalisha, akauosha upara ule, akaukanda, akaupaka mafuta, kisha akauchana kwa kitana bila aibu. Mchungaji akalala fofofo, anakoroma. Tukashusha pumzi.

Jumapili iliyofuata akapanda madhabahuni anameremeta. Akasema ndoo bado imejaa, na kwa kuwa yeye si mchoyo, vishaba vilivyobaki amewagawia wazee wa kanisa, waanze kwenda kesho. Mke wangu akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka. Wazee wetu huketi safu ya mbele. Nikawatazama kwa nyuma, kipara baada ya kipara, mpaka ukutani.