Alama za Karakana ya Isevya

Kwa miaka kadhaa nilishika ofisi ya mafunzo kwa vitendo katika chuo kimoja cha ufundi hapa Tabora. Wanafunzi huyaita mafunzo hayo fildi. Kabla ya kuhitimu hukaa majuma manane mahali pa kazi, na alama za huko huingia kwenye cheti pamoja na za mitihani. Asiyefaulu fildi hapati cheti, hata kama darasani hakuna aliyemfikia. Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia nafasi, kuwaandikia barua za utambulisho, kisha kuwatembelea huko waliko nione wanafanya nini na kuwapa alama. Kutafuta nafasi nilikuweza. Barua niliziandika vizuri hadi wakuu wa idara nyingine wakaniomba niwaandikie na za kwao. Kutembelea ndiko kulikonishinda, na si kwa sababu ya maana.

Mwaka mmoja tulikuwa na binti wa useremala, mtoto wa wakulima Wamoravian kutoka upande wa Sikonge, msichana peke yake katika darasa lao. Wenzake walinisumbua niwapeleke kwenye ofisi zenye geti na mlinzi, mahali ambapo ukipiga picha ukaituma kwenye kundi la simu watu wanajua umefika. Yeye aliomba apelekwe kwenye karakana ya mzee mmoja wa Isevya. Nikamuuliza kama ana akili timamu. Akacheka, akasema aliwahi kuona kitanda cha mninga kilichotoka mkononi mwa yule mzee, hakina msumari hata mmoja, naye anataka kujua kinashikwa na nini.

Akanieleza na jambo jingine. Kanisa la kwao lilikuwa na kituo kidogo cha ufundi, na mwalimu wa useremala alikuwa anaondoka. Mchungaji alimwahidi nafasi ile, mradi Januari awe na cheti mkononi. Alilisema hilo akiwa ameinamisha uso, kama mtu anayeogopa kulitaja lisije likapotea.

Nilimpeleka mwenyewe siku ya kwanza. Mzee yule anatoka katika zile familia za Kiislamu za mjini ambazo mababu zao walikuja na misafara ya kutoka pwani. Wa kwao walikuwa watengenezaji wa masanduku ya mizigo, wakabaki, na hadi leo kazi yao ni mbao. Aliisoma barua yangu nzuri, akaigeuza kuona kama nyuma pana kitu, akaiweka chini ya kopo la gundi. Kisha akamkabidhi binti patasi butu na jiwe la kunolea, akarudi kwenye benchi lake. Hakutukaribisha hata kukaa. Nikaondoka nimekasirika kidogo, maana nilikuwa nimezoea ofisi ambazo mgeni wa chuo hupewa kiti na soda.

Sikurudi tena hadi fildi yake ikaisha. Kanuni zilinitaka niende mara mbili, na kutoka chuoni hadi Isevya ni mwendo wa kutembea, wala hauhitaji bodaboda. Lakini nilianza na waliokuwa mbali, Nzega na Urambo, kwa kuwa huko gari la chuo lilinipeleka. Wa karibu nikasema nitawaona siku yoyote. Kisha mvua zikaanza, vumbi la mbao likanijia akilini na kifua changu nikakikumbuka, na sababu nyingine za aina hiyo. Siku ya mwisho ya kukusanya fomu ikanikuta ofisini.

Fomu ya mzee ilikuja kwenye bahasha iliyobandikwa kwa gundi ya mbao. Ilibidi niifungue kwa kisu. Ilikuwa na vipengele kumi, na kila kipengele kilikuwa na visanduku vya kuweka alama ya vema kuanzia hafifu hadi bora sana. Yeye aliweka zote kumi kwenye wastani, kwa mstari ulionyooka. Kwenye maoni aliandika neno moja: Anajifunza.

Wastani mtupu ulikuwa chini kidogo ya kufaulu. Fomu ilipangwa hivyo kwa makusudi, ili alama ya mwalimu aliyemtembelea mwanafunzi ndiyo iamue. Mwalimu huyo ni mimi. Nikakaa na kalamu, nikawaza kwamba nikimpa alama za juu, mkuu wa taaluma ataniuliza niliona nini ambacho fundi mwenyewe hakukiona. Nikabuni tarehe ya ziara, nikaweka wastani kumi kama za mzee, nikaandika maoni niliyowaandikia wengi: Aongeze bidii. Ilinichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Matokeo yalipobandikwa alikuja ofisini. Alikuwa amebeba kitu kwenye kanga, akakifungua mezani kwangu. Ilikuwa randa ya zamani, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa.

"Babu wa karakana alinipa siku ya kumaliza," alisema. "Mwalimu, mtu aliyeona sijui kazi angenipa hii?"

Nikamjibu kwamba chuo hakipimi kwa randa. Nililisema haraka na kwa ukali, kwa sababu niliogopa swali litakalofuata. Nikamweleza kuwa anaweza kurudia fildi mwaka ujao. Hakuuliza lolote kuhusu ziara yangu, nami moyoni nikashukuru. Akaifunga randa yake, akaniaga kwa adabu zote. Januari ile nafasi ya kituo cha kanisa ikapewa mtu mwingine, na mwaka wa kurudia ulipofika hakutokea.

Nilikwenda tena Isevya mwaka uliofuata, kumpeleka mwanafunzi mwingine. Mzee alinipita mimi na barua yangu, akaniuliza yule binti wa mwaka jana anafundisha wapi sasa. Nikamwambia hakufaulu. Akaacha kazi iliyokuwa mkononi.

"Alifelishwa na nani?"

Nikamwambia, huku nikijisikia mjanja, kwamba yeye mwenyewe alimpa wastani mtupu. Akanieleza kwamba katika karakana ile hakuna mtu aliyewahi kuitwa bora, tangu kwa baba yake na babu yake. Mwanafunzi akisifiwa mkono hulegea. Hata fundi mwenyewe akijiandikia wastani, amejisifu vya kutosha. Aliyeiva hupewa chombo cha mwalimu wake, watu wa kazi wakikiona wanaelewa, hakuna haja ya maneno. Katika maisha yake alikuwa ametoa vyombo viwili tu, na cha kwanza alimpa mwanawe.

"Ungekuja ningekuonyesha kazi yake," alisema. "Mlango wa nyumba yangu aliuunda yeye. Mbona hukuja?"

Nilisema majukumu yalikuwa mengi. Alirudi kwenye benchi lake.

Hapo bado ningeweza kurekebisha. Kikao cha taaluma kina uwezo wa kufuta alama na kumpima mtu upya, na mlango ule ulikuwepo, mtu yeyote angeweza kwenda kuutazama. Nilichotakiwa ni kusimama mbele ya wenzangu na kusema ile tarehe niliibuni. Nililala nalo juma zima pale nyumbani kwangu Ipuli. Nikajiambia nafasi ya kanisa imekwisha kwenda, cheti sasa kitamsaidia nini. Nilikuwa najua kingemsaidia. Kikao kikafika, nikasoma taarifa yangu ya kawaida, nikakaa. Naona haya kuliandika hili kuliko yote yaliyotangulia.

Mwaka huu, baada ya kuiacha ofisi ile, niliitafuta namba ya yule binti nikampigia. Nilikuwa nimedhamiria kumwambia kila kitu. Akaniamkia shikamoo mwalimu kwa furaha. Analima tumbaku na kaka zake, alisema, na kanisa likivunjikiwa na mabenchi humwita akayatengeneza. Nikamsikiliza, nikitafuta pa kuanzia. Ndipo akasema kuna jambo limekuwa likimkaa rohoni, aniulize kama sitachukia.

"Siku uliyokuja kunikagua ndiyo ile niliyoomba ruhusa nikampeleka mama hospitali ya Kitete, siyo? Babu alisema hakukuona, lakini huenda alikuwa ameenda kuswali. Nikasema basi, mwalimu alikuja, mimi sikuwepo."

Nikasema ndiyo, ilikuwa siku hiyo.

Akaniomba radhi kwa usumbufu nilioupata.