Hitima ya Bwana Otto

Mkikutana na mtu aliyetoka Guangzhou akawaambia kuna Mtanga mmoja aliwaalika watu kumsomea hitima askari wa Kijerumani, msimbishie, ni kweli tupu, na Mtanga mwenyewe ndiye mimi, Bakari, na kama kuna mahali aliruka katika kusimulia ni kwa kunihurumia tu. Mimi mwenyewe sijihurumii, kwa hiyo kaeni nisimulie.

Kazi yangu ni mikoba. Nachukua Shiling, kule kwenye viwanda vya mikoba nje ya Guangzhou, nasafirisha Dar, na siku nisizokwenda Shiling nashinda soko la Zhanqian Road nikitafutia wateja wangu nguo. Pale sokoni wananiita Mjerumani, na jina hilo hakunipa mtu, nilijipa mwenyewe. Laoban, yaani mwenye duka wa Kichina, akinicheleweshea mzigo namwambia sisi Wajerumani hatupendi mambo ya kuchelewa (mimi ambaye kwetu nafika harusini watu wameshaanza kufagia). Wenzangu wanacheka, na mimi nazidi kuvimba kichwa.

Lakini chanzo chake si cha kuchekesha. Bibi yangu mzaa mama, Bi Fatuma, alizaliwa Muheza wakati wa ile vita ya kwanza, baba yake askari wa Kijerumani, mzungu hasa, jina lake Otto, ambaye tunaambiwa alisilimu akaitwa Abdallah ili apate kuoa. Kikosi chake kikaondoka, akaondoka nacho, hakuonekana tena. Basi bibi akakua anaitwa mtoto wa kutupwa. Kisimani wanamwambia, ngomani wanamwambia, hata siku ya harusi yake kuna mwanamke alimwambia baba'ko alikutazama mara moja tu akakimbia. Alikufa na donge hilo, na mama yangu akalirithi, maana majirani nao wana watoto na wajukuu, na maneno hurithiwa kuliko mashamba. Mama sasa ni mtu mzima, miguu haimchukui, na kila nikimpigia anauliza lile lile.

"Nataka kujua kitu kimoja tu, Bakari. Alitutupa au alikufa?"

Hapo ndipo nilipomjua Anke. Huyu ni msichana wa Kijerumani anayesoma chuo kikuu pale Guangzhou, anaandika habari za sisi wafanyabiashara wa Kiafrika, na Kiswahili amekisoma kwao mpaka kimenyooka, kila neno limepigwa pasi. Nilipompa jina la huyo baba wa bibi akanionyesha pa kuomba nyaraka za zamani za jeshi, na baada ya kungoja sana likaja faili zima la Otto, limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Akaniambia nimtumie alisome lote, kwa sababu kurasa za nyuma zimeandikwa kwa mkono, mwandiko wa kale ambao simu haiwezi kuusoma. Nikamwambia asijisumbue.

Kwa nini nilimwambia asijisumbue? Kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Kurasa za mwanzo zilipigwa kwa mashine, nikazipitisha kwenye simu zikageuka Kiswahili, na ya mwisho kati ya hizo ilisema Otto amejeruhiwa vibaya kwa risasi, amepelekwa hospitali ya vitani. Nikajiambia mtu aliyejeruhiwa vibaya kisha asirudi kwa mkewe, kama si kufa ni nini? Nikampigia mama palepale. Nikamwambia alikufa, mama, alikufa vitani, hakuwatupa. Mama alilia, jamani, alilia kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, na kabla ya magharibi mtaa mzima wa Muheza ulikuwa na habari.

Ningeishia hapo leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini mama akasema marehemu hajasomewa hitima tangu afe, na mimi (Mjerumani wa Zhanqian Road) nikasema tutamsomea hukuhuku, tena ya kishindo. Nikachukua mgahawa wa mama mmoja wa Kipemba, ghorofani, nyuma ya barabara ya Guangyuan Xilu, nikaagiza pilau, nikaalika wafanyabiashara na wanafunzi. Wa kusoma nikampata Ustadhi Haji, kijana wa Unguja anayesomea udaktari. Ustadhi akaniuliza kwa upole kama nina ushahidi kwamba huyu mtu alisilimu, nikamjibu ushahidi ni mama yangu, sijui anataka ushahidi gani zaidi ya huo. Akakubali.

Siku yenyewe watu walijaa. Simu ya Ustadhi tukaiweka juu ya meza, imeunganishwa na Muheza, tunamwona mama amekaa jamvini na majirani wamemzunguka, wakiwemo wajukuu wa walewale waliomcheka bibi. Hapo tungefungua juzuu tukasoma yakaisha. Lakini mimi nikataka watu waone kwanza. Nikaunganisha simu yangu na televisheni ya mgahawa, ukurasa wa Otto ukatokea ukutani mkubwa, nikamwomba Anke aliyekuja kama mgeni asimame ausome kwa Kijerumani chenyewe kisha awafasirie watu.

Akasoma. Amejeruhiwa vibaya, amepelekwa hospitali. Watu wakasema inna lillahi. Mama kule akajifuta macho kwa upande wa kanga. Anke akageuka kwangu, akauliza kwa adabu kama aendelee na kurasa zilizobaki, na mimi mbele ya watu wote nikampa ishara ya mkono kama mkuu wa mkoa, kwamba endelea.

Akaendelea. Otto akapona jeraha. Otto akatekwa na Waingereza. Otto akapandishwa meli akarudishwa kwao. Sauti ya Anke ikaanza kushuka, akafika ukurasa mmoja akasimama kabisa, akanitazama. Mtu mmoja nyuma, ambaye hakujua kinachotokea, akasema soma dada, tunakusikiliza. Basi akasoma. Yalikuwa maombi ya Otto ya kulipwa kwa ajili ya lile jeraha, ya miaka kadhaa baada ya vita, ametaja mke aliyemwoa kwao, ametaja watoto wawili, na chini yake ameandika kwa mkono wake mwenyewe.

"'Sina mtoto mwingine,'" Anke akafasiri.

Kisha kutoka Muheza, ndani ya simu pale mezani, ikasikika sauti ya mwanamke mmoja katika wale majirani, wala si ya juu: "Si tulisema."

Badala ya kuizima ile televisheni, mwenzenu nikaanza kubisha. Nikasema huyo ni Otto mwingine, Waotto ni wengi. Anke akanionyesha Muheza imeandikwa, kikosi ni kilekile. Nikamwuliza ametumwa na nani kuja kuniharibia (mtu niliyemwalika mwenyewe, aliyetaka kunisomea bure nikamkatalia). Macho yakamlenga machozi, akakaa. Aibu hiyo nayo ni yangu.

Ustadhi Haji ndiye aliyejaribu kunifunika. Akasema jamani, huyu bwana mambo yake tumwachie Mungu, lakini watu wametia udhu na chakula kiko tayari, basi hitima hii tumsomee yule mkewe wa Muheza aliyebaki na mtoto, yeye Uislamu wake hauna shaka. Kila mtu akaitikia. Akanigeukia, mikono ameshaikunjua.

"Nipe jina lake, Bakari. Jina lake na la baba yake."

Mimi namjua Otto alizaliwa kijiji gani, najua meno yake mangapi yalikuwa yameng'olewa siku anaingia jeshini, najua viatu alivyopewa vilikuwa vya namba gani na kwamba alilalamika vinambana. Yule mama yake Bi Fatuma nilikuwa simjui hata jina. Watu wananingoja, pilau linanukia, nami natazama mazulia.

"Mwanaidi binti Shekue," akasema mama ndani ya simu.

Ustadhi akarudia jina lile taratibu, asije akakosea. Nikadhani yameisha. Mama akaongeza, sauti yake haikupanda wala haikutetemeka:

"Nilikuwa nalo siku zote. Hukuniuliza."

Tukasoma. Mama alibaki kwenye simu mpaka dua ya mwisho, akaitikia amina pamoja nasi, kisha akakata bila kuniaga, na tangu siku ile nikimpigia anapokea dada yangu, ananiambia mama amelala, hata iwe saa nne asubuhi kwao. Zhanqian Road sijiiti tena Mjerumani, na anayeniita siitiki. Na nimeapa, sitatafuta tena habari za wafu kwenye karatasi za watu wakati mwenye habari zake yuko hai, kakaa jamvini Muheza, anangoja kuulizwa. Kiapo kizuri, ila nimekila wakati mama hapokei simu.